Gari lililokuwa likisukuma mguu

Dada aliyeleta gari lile alinikabidhi ufunguo, akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Fundi, breki zinashika vizuri tu. Lakini gari likikaribia kusimama kabisa, pedali inanisukuma mguu, halafu gari linasogea mbele kama limeachiwa. Juzi nusura nimguse mtu aliyekuwa anavuka."

Alikuwa ameshapita kwa mafundi wawili kabla yangu. Wa kwanza alibadilisha pedi za mbele. Wa pili alichonga diski, hali ikabaki ileile, akaweka na masta silinda mpya, ile silinda inayosukumwa na pedali. Fedha imetoka, vipuri vimeingia, na pedali bado inasukuma.

Nilimwuliza maswali matatu kabla hata ya kufungua boneti. Inasukuma ukiwa kwenye kasi? Hapana. Kuna taa yoyote inayobaki inawaka kwenye dashibodi? Hapana. Unasikia mlio gani? Akafikiri. "Kama kitu kinakoroma mbele ya miguu yangu, trrrr, halafu basi." Nilikuwa na dhana tayari, lakini dhana si kipimo. Nikamwomba tuendeshe pamoja.

Tulitafuta sehemu ya wazi, lami kavu, hakuna watu. Kutoka 60 hadi 40, laini. Kutoka 40 hadi 20, laini. Kwenye mwendo wa kilomita 8 hivi kwa saa, nikiwa nimekanyaga kidogo tu, pedali ikanipiga unyayo mara nne au tano kwa haraka, gari likavutia kushoto kidogo, likajisogeza karibu nusu mita kabla ya kutulia.

Diski iliyopinda nayo hutetemesha pedali, ndiyo maana simlaumu aliyechonga. Lakini mtetemo wa diski hufuata mzunguko wa gurudumu: mwendo ukipungua, mapigo nayo hupungua, na kama tatizo ni diski za mbele, usukani hucheza mkononi. Huu wa gari lile ulikuja mwishoni tu, ulikuwa wa haraka, na uliambatana na sauti ya mota. Ilikuwa ABS, mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge, inafanya kazi. Gari lilikuwa linaamini kwamba gurudumu mojawapo limejifunga, yaani limeacha kuzunguka gari likiwa bado linakwenda, kwenye lami kavu, kwa mwendo wa mtu anayekimbia taratibu, na likaamua kumsaidia dereva kwa kumpunguzia breki.

Hapa ndipo mafundi wengi tunapopotea. Tulifundishwa breki kuwa ni mafuta na chuma: kama hazishiki, kuna kilicholika, kinachovuja au kilichoingia hewa. Breki za leo zina nusu ya pili ambayo haivuji wala hailiki. Mafuta hubeba nguvu, lakini taarifa ndiyo huamua nguvu hiyo ifike kwenye gurudumu lipi na kwa kiasi gani. Taarifa ikiwa ya uongo, chuma kipya hakisaidii kitu.

Nusu ya kwanza ni ya kale na sijawahi kuichoka. Blaise Pascal alieleza katika karne ya 17 kwamba shinikizo kwenye kimiminika kilichofungiwa husambaa sawa kila upande. Chukua masta silinda yenye pistoni ya milimita 22 na kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, yenye pistoni ya milimita 54. Eneo la pistoni ya kalipa ni karibu mara 6 ya ile ya masta, kwa hiyo kila kilo unayosukuma juu inakuwa karibu kilo 6 chini kwenye pedi. Pistoni kubwa inasogea kidogo sana, pistoni ndogo inasogea sana, na hakuna nyaya wala fimbo za kurekebisha kila mara. Mwaka 1921 Duesenberg walitoa gari la abiria lenye breki za mafuta kwenye magurudumu yote manne, na kanuni ile haijabadilika hadi leo. Ukikanyaga kwa nguvu kweli kwenye gari la kawaida, shinikizo hufika bar 100 hivi, karibu mara mia ya shinikizo la hewa inayotuzunguka.

Tabu ni kwamba nguvu hiyo inaweza kuzidi mshiko wa tairi. Gurudumu likijifunga, tairi inakuwa kama kifutio kinachoburutwa. Haijali tena umegeuzia usukani wapi, kwa sababu tairi hugeuza gari ikiwa inazunguka. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na dawa yake ya enzi zile: "Usikanyage na kuganda. Piga, achia, piga, achia." Alikuwa sahihi kwa magari aliyoyajua. Mguu hodari ungeweza kupiga na kuachia mara chache kwa sekunde, ila kwa magurudumu yote manne kwa pamoja, hata kama ni moja tu lililokanyaga mchanga.

Watu walitafuta mashine ya kufanya kazi hiyo kwa muda mrefu, na walianzia kwenye ndege. Maxaret ya Dunlop, ya miaka ya 1950, ilitumia gurudumu zito dogo la ndani kugundua kwamba tairi la ndege limeanza kujifunga, bila umeme wa kufikiri, na mwaka 1966 ikaingia kwenye gari, Jensen FF. Chrysler waliweka mfumo wa kielektroniki kwenye Imperial ya 1971. Lakini saketi za wakati ule zilikuwa na vipande vingi mno kwa kitu kinachokaa karibu na joto, maji na mtikisiko. Bosch walipohamia kwenye saketi za kidijiti, idadi ya vipande kwenye kompyuta ya ABS ilishuka kutoka 1,000 hivi hadi 140, na mwaka 1978 mfumo ukaingia sokoni kwenye Mercedes-Benz S-Class. Kilichoiwezesha ABS kufika barabarani, kwa maoni yangu, ni huko kupungua kwa vitu vinavyoweza kuharibika. Wazo lenyewe lilikuwepo siku nyingi.

Mafundi tunaiita "pampu ya ABS", ingawa pampu ni sehemu yake moja tu. Ni bonge la aluminiamu lililotobolewa njia nyingi nyembamba, upande mmoja kuna mota, upande wa pili kuna kompyuta, katikati kuna vali za sumaku. Kwenye mfumo wa kawaida wa njia nne kila gurudumu lina vali mbili. Ya kuingizia hukaa wazi ikiwa haina umeme. Ya kutolea hukaa imefungwa ikiwa haina umeme. Ukikanyaga breki siku ya kawaida, mafuta hupita kwenye vali iliyo wazi kana kwamba bonge lile halipo.

Gurudumu likianza kujifunga, kompyuta hufunga vali ya kuingizia: hata ukizidisha mguu, shinikizo la gurudumu hilo halipandi. Likiendelea kupungua mwendo, inafungua vali ya kutolea, mafuta kidogo yanakimbilia kwenye chemba ndogo yenye springi, gurudumu linapata uhai na kuanza kuzunguka. Kisha vali ya kutolea inafungwa, ya kuingizia inafunguka kwa vipindi vifupi, shinikizo linapanda kidogo kidogo hadi ukingoni tena. Kushikilia, kupunguza, kuongeza, mara nyingi kwa sekunde, kila gurudumu na hesabu yake. Na yale mafuta yaliyokimbilia kwenye chemba yanarudishwa na pampu kuelekea masta silinda, dhidi ya mguu wako. Mgongano huo ndio mtetemo unaousikia kwenye unyayo.

Napenda sana uamuzi wa yule aliyepanga kwamba vali moja ikae wazi na nyingine ikae imefungwa pasipo umeme. Waya ukikatika, kompyuta ikifa, fyuzi ikiungua, umebaki na breki za Pascal. Umepoteza msaidizi, breki unazo.

Sasa, kompyuta inajuaje kwamba gurudumu limejifunga? Haina jicho la kuona barabara. Inachopata ni hesabu ya meno. Kwenye gari lile kila gurudumu lina ringi ya chuma yenye meno 48, na mbele yake sensa: waya mwembamba uliozungushwa kwenye sumaku. Kila jino likipita, umeme kidogo unapanda na kushuka. Tairi lenye mzingo wa mita 2, likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, linazunguka karibu mara 14 kwa sekunde, hivyo sensa inatoa mapigo kama 670 kwa sekunde. Kwenye kilomita 5 kwa saa yanabaki 33 tu.

Hata mwendo wa gari lenyewe kompyuta haiambiwi na mtu. Inaukadiria kwa kulinganisha magurudumu yote manne, na kwa kujua jambo moja: gari kwenye lami kavu haliwezi kupunguza mwendo ghafla kupita kiasi fulani, kwa sababu lina uzito na tairi zina mwisho wa mshiko. Gurudumu peke yake linaweza, kwa kuwa ni jepesi. Kwa hiyo gurudumu linaloporomoka kutoka 60 hadi sifuri ndani ya muda ambao gari zima lisingeweza kufanya hivyo, limejifunga. Mtelezo kidogo unaruhusiwa, tena unahitajika. Gari likiwa 60 na uso wa tairi ukizunguka kama wa gari la 50, mtelezo ni kama asilimia 17, na hapo ndipo tairi nyingi kwenye lami kavu hushika karibu na uwezo wao wote.

Kwenye changarawe au theluji mpya mambo hubadilika: gurudumu lililojifunga hulimbikiza kifusi mbele yake na kusimamisha gari mapema zaidi, wakati ABS hurefusha safari ya kusimama. Bado ningechagua ABS, kwa sababu kitu cha kukwepa hakingoji nihesabu mita. Lakini dereva wa njia za changarawe anastahili kuambiwa ukweli huo, aongeze nafasi.

Turudi kwenye gari. Nilichomeka mashine ya kusoma, haikuwa na kosa lolote kwenye kumbukumbu. Fundi wa pili naye alisoma, akakuta hakuna kosa, akaamini ABS ni nzima. Mimi nilifungua ukurasa wa mwendo wa magurudumu, nikaiweka kwenye mchoro, mwanafunzi wangu akaishika huku mimi naendesha. Mistari minne ilipanda pamoja. Nikakanyaga taratibu. Ikashuka pamoja hadi 9 hivi, halafu mstari wa mbele kulia ukaanguka wima hadi sifuri, mingine mitatu ikiendelea na mteremko wake. Trrrr.

Mwanafunzi alipima sensa kwa multimita: omu 1,100, sawa na wenzake. "Kaka, sensa ni nzima," akasema. Na ilikuwa nzima. Ila kipimo cha ukinzani kinakuambia waya haujakatika, basi. Hakikuambii sensa inaona nini. Tulinyanyua gari, tukazungusha kila gurudumu kwa mkono mzunguko mmoja kwa sekunde, tukapima umeme unaotoka. Matatu yalitoa zaidi ya volti 0.3. La mbele kulia halikufika 0.1.

Sensa za aina hii hutoa umeme mwingi gurudumu likienda haraka na kidogo likienda polepole. Kwenye kasi, hata sensa dhaifu inasikika. Mwendo ukishuka, sauti yake inazama mapema kuliko ya wenzake, na kompyuta ikiacha kuisikia inahesabu sifuri. Gurudumu moja sifuri, mengine matatu yanazunguka, mguu uko kwenye breki: kwa hesabu zake gurudumu limejifunga. Haiandiki kosa kwa sababu haioni kosa. Inafungua vali ya kutolea ya mbele kulia, inamnyang'anya dereva breki ya gurudumu mojawapo kati ya mawili yanayobeba sehemu kubwa ya kazi, na gari linavutia kushoto. Kila kifaa kilifanya wajibu wake kwa uaminifu kabisa.

Chanzo kilikuwa kutu. Pale sensa inapokaa, chuma cha habu, kitovu cha gurudumu, kilikuwa kimevimba chini yake na kuinyanyua taratibu, mwaka hata mwaka. Uwazi kati ya ncha ya sensa na meno, unaotakiwa kuwa kama milimita 1, ulikaribia 2. Kuitoa sasa ndiyo kazi. Plastiki yake ilikuwa imegandana na tundu, nikaweka mafuta ya kulegeza, nikasubiri, nikaizungusha polepole kwa koleo, na bado ilikatika shingo. Nilimpigia dada simu nikamweleza wazi kwamba nimeivunja nikiitoa, na kwamba nyingine itafika kesho yake.

Wakati tunasubiri, yule kijana mwanafunzi wangu aliuliza swali ambalo nimelisikia kwa watu wazima pia: "Kwa nini tusichomoe tu fyuzi ya ABS? Si umesema breki zinabaki?"

Nilimjibu nikiwa nimekaa chini naye. Zamani magari yalikuwa na vali ya mitambo iliyopunguza shinikizo la nyuma, kwa sababu gari likifunga breki uzito hukimbilia mbele na magurudumu ya nyuma hubaki mepesi. Magari mengi ya leo hayana vali hiyo. Kazi yake imechukuliwa na vali zilezile za ABS, kwa kufuatilia tofauti ya mwendo kati ya mbele na nyuma. Ukichomoa fyuzi, nyuma inapata shinikizo lote. Magurudumu ya nyuma yakijifunga kabla ya yale ya mbele, gari linageuka kichwa nyuma. Kwa hiyo mtu aliyechomoa fyuzi ili "arudi kwenye breki za kawaida" harudi popote. Anapata breki ambazo hakuna mhandisi aliyezipanga. Magari mengi ya aina hii huwasha na taa nyekundu ya breki hapo, na taa hiyo si ya kufunikwa na gundi.

Hilo la kuficha taa linaniumiza. Nimekutana na magari yaliyouzwa yakiwa taa ya ABS imetolewa balbu, au imeunganishwa na waya wa taa nyingine ili izime nayo. Ukinunua gari, geuza ufunguo bila kuwasha injini: taa ya ABS lazima iwake sekunde chache kisha izime. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameamua wewe usijue.

Siku ileile nilipima mafuta ya breki kwa kifaa kinachoyachemsha. Yalichemka kwenye nyuzi 148. DOT 4 mpya (DOT ni daraja la mafuta ya breki) inatakiwa ihimili angalau 230, na hata ikiwa imekwisha kunyonya maji kwa kiwango cha kipimo, yaani asilimia 3.7, isichemke chini ya 155. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kupitia mipira na kifuniko hata gari likiwa limeegeshwa. Yakichemka kwenye kalipa, hutoa mvuke, na mvuke unabanwa: pedali inazama sakafuni. Hakuna kompyuta inayoweza kusambaza shinikizo ambalo halipo. Maji hayo hayo ndiyo yanayokula vali ndogo ndani ya bonge la ABS, na bonge hilo huwa ghali kuliko mafuta ya maisha yote ya gari. Mimi husema miaka miwili, hata kama gari limetembea kidogo.

Na usiweke DOT 5 ya silikoni ukidhani namba kubwa ni bora. Hiyo hushika vipovu vya hewa, na vali zinazofunguka na kufunga kwa kasi hugeuza mafuta yenye vipovu kuwa povu. DOT 5.1 ni kitu kingine. Ni ndugu wa DOT 4.

Mafuta yale ilibidi yabadilishwe, na kwenye kutoa hewa ndipo nilipogundua deni lililoachwa na masta silinda mpya. Fundi yule alitoa hewa kwenye nipeli, zile skrubu za kutolea hewa, za magurudumu manne, akaona mafuta safi hayana vipovu, akafunga. Lakini ndani ya bonge kuna njia zilizo nyuma ya vali za kutolea, na vali hizo hazifunguki ukikanyaga kawaida. Hewa ikiingia humo hukaa imetulia. Siku ABS inapofanya kazi, vali inafunguka, hewa inachanganyika na mafuta, na pedali inakuwa laini dakika ileile unayoihitaji. Dada alikuwa ameniambia kwamba baada ya kusukumwa, pedali huwa "kama imelegea kidogo", nami sikuipa uzito mwanzoni. Tuliunganisha mashine, tukaiamuru iendeshe pampu na kufungua vali moja baada ya nyingine, kijana akikanyaga, mimi nikiwa kwenye nipeli na mpira unaoonyesha ndani. Kwenye mzunguko wa kwanza vilitoka vipovu vidogo kama vya soda, kwa muda mrefu. Mzunguko wa tatu, mafuta matupu.

Niliongeza onyo moja kwa kijana, kwa kuwa nimeliona likiharibu mabonge mazima. Unapobadilisha pedi na kurudisha pistoni ya kalipa ndani, usiyasukume mafuta machafu yarudi juu kwenye vali. Fungua nipeli kwanza, yatoke nje.

Dada alikuja jioni kuona maendeleo, akaniuliza kama magari ya sasa yanayoshika breki yenyewe bila mguu wa dereva yana vitu hivi hivi. Ndiyo, ni mwendelezo. Pampu iliyowekwa kurudisha mafuta ilionekana inaweza pia kuyapeleka kwenye gurudumu bila mguu wa mtu. Ukiongeza vali nne, sensa ya pembe ya usukani na sensa inayopima jinsi gari linavyojizungusha, unapata mfumo wa kudhibiti uthabiti, ulioingia sokoni mwaka 1995. Gari likikataa kukata kona, breki ya nyuma upande wa ndani inashikwa. Nyuma ikianza kutoroka, ya mbele upande wa nje. Umoja wa Ulaya umeulazimisha kwenye magari yote mapya ya abiria tangu Novemba 2014. Katika vyote vilivyozaliwa na ABS, hiki ndicho ninachokiheshimu zaidi.

Kwenye magari ya umeme na mseto hali imekwenda mbali zaidi. Mota ya gari yenyewe hupunguza mwendo huku ikichaji betri, na breki za mafuta hujaza kilichobaki, hivyo mara nyingi mguu haugusi mafuta ya magurudumu moja kwa moja. Unakanyaga springi iliyotengenezwa ifanane na hisia ya pedali, kompyuta inasoma nia yako, mota nyingine inasukuma pistoni. Mercedes-Benz walijaribu njia ya namna hiyo mapema, mwaka 2001, kwa shinikizo lililohifadhiwa tayari kwenye tangi. Mwaka 2004 wakaita magari 680,000 kuyakagua, na baada ya miaka michache wakarudi kwenye breki za kawaida. Mfumo ule ulijiamsha hata ukifungua mlango, kwa hiyo fundi aliyeweka vidole kwenye kalipa bila kuuzima kwa mashine alikuwa hatarini. Handibreki za umeme za leo nazo zinataka adabu hiyo hiyo.

Aliniuliza kama ningeliamini gari la namna hiyo. Nikamwambia swali langu la kwanza ni hili: umeme ukikatika wote, je, mguu wangu bado unafika kwenye magurudumu kwa mafuta? Kwenye yale yaliyopo sokoni ambayo nimeyashika, unafika, ingawa pedali inakuwa ngumu na inaingia ndani sana. Hilo likiwepo, nalala vizuri.

Sensa ilifika asubuhi. Nilisugua tundu hadi chuma kikang'aa, nikapaka grisi nyembamba, sensa ikaingia kwa kidole tu na kukaa sawasawa. Uwazi milimita 1. Nikazungusha gurudumu kwa mkono: volti 0.34.

Safari hii dada ndiye aliyeendesha, mimi nikakaa kando yake na mashine mapajani. Alikanyaga akiwa amekaza bega, akingojea kusukumwa. Mistari minne ilishuka 20, 10, 8, 5, ikafika 3 na kupotea yote kwa pamoja. Gari lilikuwa limesimama. Akabaki amekanyaga kwa muda, kisha akasema, "Turudie."

Tukarudia mara sita.